UZI: Sekondari ya kiklasiki ya Kikristo kwa watoto wanaosomea nyumbani. Punguzeni vitabu, ongezeni mazungumzo

MamaTumaini

Bwana asifiwe wapendwa, na salamu kwa wote mnaopita hapa.

Nimeulizwa sana faragha kuhusu elimu ya kiklasiki ngazi ya sekondari kwa sisi tunaosomesha watoto nyumbani. Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja niyaweke hapa, na wengine mchangie. Binti yangu amemaliza miaka yake minne, kuanzia umri wa miaka 14 hadi 18, na mdogo wake yuko mwaka wa pili. Nasema niliyoyaona.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anasikia: elimu hii imesimama juu ya sanaa tatu za kale, yaani sarufi, mantiki na balagha (sanaa ya kusema kwa ufasaha na kushawishi). Kilatini kiliziita trivium, mahali njia tatu zinapokutana. Baada yake zilikuja nne za namba: hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Ulaya ilifundisha hivyo kwa karne nyingi. Kilichoamsha jambo hili upya katika familia za Kikristo ni hotuba ya Dorothy Sayers aliyoitoa Oxford mwaka 1947. Mama huyu alikuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi na mfasiri wa mshairi Dante. Alizifananisha zile sanaa tatu na makuzi ya mtoto: akiwa mdogo anafurahia kukariri, akianza kubalehe anafurahia kubisha, akikua zaidi anatafuta namna ya kuyasema yaliyo moyoni mwake. Miaka ya 1980 na 1990 Wakristo wa Marekani wakaanza kufungua shule za namna hiyo, na wazazi wa nyumbani wakafuata.

Hapo kuna jambo lililonipoteza, naomba mlishike. Zamani zile tatu hazikuwa hatua za umri. Yalikuwa masomo, na mtu mzima alirudi kwenye sarufi kila alipoanza kitu kipya. Mimi niliamini binti yangu akifika sekondari amekwishavuka sarufi na mantiki, sasa ni balagha tu, maana yake vitabu vikubwa na insha ndefu. Nikanunua mtaala uliokamilika, wenye ratiba ya kila siku na vitabu zaidi ya 20 kwa mwaka mmoja. Vitabu vya kale vya Wagiriki na Warumi: Homer, Herodotus, tamthilia za Wagiriki, Plato, Virgil, vyote katika miezi tisa. Tulikuwa tunaweka tiki. Kila Ijumaa karatasi ya ratiba inajaa tiki, na mimi moyoni nimeridhika.

Mwisho wa mwaka nikamuuliza, tena kwa kupiga soga tu, kwa nini Achilles, shujaa wa Iliadi ya Homer, aligoma kupigana. Akanijibu, "Alikasirika." Alikasirishwa na nini? Akafikiri, akasema, "Sikumbuki, Mama. Kile tulikisoma wiki mbili tu." Kitabu kizima kinaanza na neno hilo, ghadhabu, na sababu yake iko mwanzoni kabisa: mfalme Agamemnon amemnyang'anya Achilles yule binti Briseis mbele ya jeshi lote, amemvunjia heshima. Mtoto alikuwa amesoma kila ukurasa na hakubaki na kitu. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyekuwa namkimbiza.

Pliny Mdogo, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika katika barua kwamba mtu asome sana, asisome mengi. Kilatini chake ni multum, non multa. Nilikuwa nimelikuta neno hilo mara kadhaa kwenye vitabu vya wazazi wenzangu na kulipita. Mwaka wa pili tukashusha orodha hadi vitabu sita. Na tukaongeza kitu ambacho sikukitegemea sana, jiometri ya Euclid, moja kwa moja kutoka kwake, yule Mgiriki wa miaka kama 300 kabla ya Kristo.

Ngoja niwape siku moja tu.

Hoja ya kwanza ya kitabu cha kwanza: umepewa mstari, jenga juu yake pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Binti alishika bikari. Akaweka ncha kwenye A, akaifungua hadi B, akachora duara. Akahamisha ncha kwenye B, akaifungua hadi A, akachora duara la pili. Pale maduara yalipokatana juu akaandika C. Akaunganisha C na A, C na B. Kisha ilimpasa asimame aeleze bila kuangalia kitabu: AC ni sawa na AB kwa sababu zote zinatoka katikati ya duara moja hadi ukingoni. BC ni sawa na BA kwa sababu hiyohiyo. Vitu viwili vilivyo sawa na kitu kimoja ni sawa vyenyewe kwa vyenyewe. Basi pande zote tatu ni sawa.

Nikamwambia vizuri sana, twende hoja ya pili. Hakusogea. Aliikodolea macho ile C. Akasema, "Mama, Euclid amejuaje kwamba haya maduara yatakutana? Mimi naona kwa macho kwamba yanakutana. Lakini umesema tusitumie macho."

Nikarudi kwenye zile kanuni tano ambazo Euclid anaanza nazo. Tukazisoma moja moja kwa sauti. Hakuna hata moja inayosema maduara mawili ya namna ile lazima yakatane. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu." Jioni ile hatukufika hoja ya pili wala nini. Siku chache baadaye tukagundua kwamba wanahisabati wamekwisha kulionyesha pengo hilo, na kwamba Mjerumani David Hilbert mwaka 1899 alitoa msingi mpya wa jiometri ili kuziba mapengo ya aina hiyo. Mtoto wa miaka 15 alikuwa ameona ufa katika kazi iliyofundishwa zaidi ya miaka 2000, kwa kuuliza swali moja na kupewa nafasi ya kukaa nalo.

Tangu hapo nimeacha kabisa kuhesabu vitabu. Ngazi ya sekondari mzazi anaacha kuwa mmiliki wa majibu, anakuwa msomaji wa pili mezani, mwenye umri mkubwa na swali zuri. Hilo ndilo nililokuja kusema. Mengine tuulizane.

Njia_ya_Msalaba

Mama Tumaini, nimesoma yote na nashukuru kwa uwazi wako. Lakini kuna jambo linanikera tangu zamani kuhusu elimu hii. Tunawatoa watoto wetu shuleni ili tuwalee katika Neno, halafu tunawapa Zeu na Apolo, miungu ya Wagiriki? Tertullian, mwandishi Mkristo wa karne za mwanzo, aliuliza, Athene ina nini na Yerusalemu? Jerome naye, aliyeifasiri Biblia kwa Kilatini, alisimulia ndoto yake, amesimama mbele ya kiti cha hukumu, akajitaja kuwa Mkristo, akaambiwa yeye si Mkristo bali ni mfuasi wa Cicero, yule msemaji wa Kirumi. Hawa hawakuwa watu wa kubabaisha. Nijibu kwa upole, nataka kuelewa.

MamaTumaini

Kaka, swali lako ni la haki na mimi mwenyewe limeninyima usingizi.

Nianze na Maandiko. Matendo 7:22 inasema Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Danieli na wenzake walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, wakakataa kujitia unajisi lakini hawakukataa masomo. Paulo pale Areopago, Athene, alinukuu mshairi wa Kigiriki, "Maana sisi sote tu wazao wake," na shairi lile la Aratus lilikuwa linamsema Zeu. Paulo hakulikimbia, alilichukua akalirudisha kwa mwenyewe.

Halafu tazama mwaka 362. Kaisari Julian wa Roma, aliyeuacha Ukristo, aliwapiga marufuku walimu Wakristo wasifundishe fasihi ya kale. Alijua anachokifanya. Wazee wa kanisa kama Gregory wa Nazianzo walilalamika vikali, hawakusema afadhali. Na Basili wa Kaisaria aliwaandikia vijana kuhusu namna ya kusoma vitabu vya Wagiriki: wawe kama nyuki, ambaye hatui kila ua, na analotua halibebi zima.

Ila sitaki nikupe ushindi wa maneno. Hatari ipo. Agostino, askofu wa kale, katika kitabu chake Maungamo anakiri kwamba akiwa mwanafunzi alimlilia Dido, yule malkia wa Virgil aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, wakati yeye mwenyewe alikuwa anakufa mbali na Mungu na hakutoa chozi. Sisi tulisoma Virgil, kisha mara moja Agostino, kwa makusudi. Binti alipofika pale alifunga kitabu, akaniambia, "Hata mimi nililia kwa Dido." Tulikaa kimya, kisha tukaongea hadi usiku. Kama ningemficha Virgil asingemwelewa Agostino. Kama ningempa Virgil peke yake, labda hofu yako ingetimia.

Kwa hiyo kama mtoto hajakomaa, subiri. Hakuna anayekukimbiza.

Njia_ya_Msalaba

Hiyo ya Agostino sikuwa nimeiona hivyo. Nitakaa nayo. Ubarikiwe.

Baba_Mapacha

Mimi niko kwenye mantiki na pacha wangu wa miaka 14, naomba msaada wa dhati. Wamejifunza makosa ya hoja: kumshambulia mtu badala ya hoja, kujenga sanamu ya majani na kuipiga (yaani kupotosha hoja ya mwenzako ili iwe rahisi kuishinda), kuzunguka palepale. Sasa nyumba haikaliki. Dada yao akisema neno, wanamtajia kosa. Bibi yao akiongea, wanamtajia kosa. Hoja zao ziko sahihi lakini watu wanalia.

MamaTumaini

Pole, Baba Mapacha. Tulipitia hapo.

Kwetu kilichosaidia ni sheria moja: huruhusiwi kumjibu mtu mpaka umeieleza hoja yake vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe anasema, "Ndiyo, hicho ndicho ninachosema, tena umekisema kuliko mimi." Akikataa, rudia. Thomas Aquinas, mwanatheolojia wa karne ya 13, alifanya kazi hivyo katika kitabu chake kikuu cha theolojia: kila kipengele kinaanza na hoja zinazompinga yeye, tena zikiwa na nguvu zake, ndipo anajibu. Wape pacha kipengele kimoja, waeleze zile pingamizi tu, wiki nzima, bila kugusa jibu.

Na 1 Petro 3:15 watu huinukuu nusu. Mwe tayari kumjibu kila mtu, sawa, lakini inaendelea: "kwa upole na kwa hofu." Waandike mstari wote, si nusu.

Halafu waombe msamaha kwa bibi. Hilo nalo ni somo la balagha. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alisema msemaji hushawishi kwa njia tatu, hoja yenyewe, hisia za msikilizaji, na tabia ya anayesema. Bibi hatawasikiliza tena kama tabia imeharibika, hata hoja ingekuwa chuma.

MtuWaLugha

Niongezee kuhusu Kilatini kwa sababu najua ndicho kinachowatisha wengi. Nimewafundisha watoto wanne.

Wapendwa, sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtaji mkubwa na hatuujui. Vitabu vingi vya Kilatini vimeandikwa kwa watoto wa Kiingereza, kwa hiyo vinatumia kurasa nyingi kueleza mambo ambayo mtoto wetu anayajua tangu akinyonya. Upatanisho, kwa mfano. Puella bona, puellae bonae. Msichana mzuri, wasichana wazuri. Kivumishi kinafuata nomino yake, nani atashangaa? Au chukua amabimur. Mwingereza anahitaji maneno manne kulifasiri. Sisi tunasema "tutapendwa", basi, neno kwa neno moja: nafsi, wakati, kutendwa, vyote vimo ndani. Na maneno yale matatu ya Julius Kaisari, veni, vidi, vici, sisi tunayo matatu pia: nilikuja, nikaona, nikashinda. Hiyo "-ka-" yetu inafanya kazi nzuri kuliko Kiingereza chochote.

Kigumu kwetu ni nomino kubadilika mwisho kufuatana na kazi yake. Canis puerum mordet, mbwa anamuuma mvulana. Ukipindua ukasema puerum canis mordet, bado anayeuma ni mbwa, kwa sababu ya ile "-um". Hapo mtoto anahitaji muda. Yako makundi matano ya nomino na lazima yakaririwe kwa sauti, hakuna mkato. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi.

Lengo langu huwa Injili ya Yohana katika Vulgata, ile Biblia ya kale ya Kilatini. In principio erat Verbum. Mtoto anaijua tayari kwa moyo, "Hapo mwanzo kulikuwako Neno," kwa hiyo anasoma akitabasamu. Na mzazi usiyejua, soma pamoja naye, somo moja mbele yake inatosha.

Msomi_wa_Sayansi

Naheshimu yote haya. Mimi ni mhandisi na naona shimo. Kila nikisoma kuhusu elimu ya kiklasiki nakuta kurasa za Homer na aya moja ya kemia. Kijana akitaka udaktari au uhandisi atafanyaje? Na vyuo vitampokeaje bila shule?

MamaTumaini

Umesema kweli, na wengi wetu tuna hatia hapo. Euclid hachukui nafasi ya aljebra. Binti alisoma vyote viwili, na mwaka wa nne akaanza kalkulasi. Fizikia na kemia zinahitaji mikono: kipimo, mzani, daftari la majaribio lenye matokeo yaliyokataa kutoka. Usimpe mtoto video peke yake ukaita maabara. Kama huwezi, tafuta mwenye maabara umwombe. Ziko familia zinazotumia jina "kiklasiki" kukwepa hisabati kwa sababu mzazi anaiogopa. Nalisema kwa upendo: zile sanaa nne za namba zilikuwa za kale kama zile tatu.

Kuhusu vyuo, anza siku ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Andika kila somo, kitabu kilichosomwa, saa zilizotumika, na namna ulivyopima. Marekani kipimo cha zamani cha somo moja la mwaka ni saa 120 hivi. Weka insha mbili au tatu bora za kila mwaka. Penye mtihani wa taifa, mwandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea na uliza mapema kuhusu masomo ya vitendo, maana yanahitaji kituo. Marekani upo pia mtihani wa kuingia chuo uitwao CLT, ulioanza mwaka 2015, wenye sehemu tatu (ufahamu, sarufi na uandishi, hisabati) na alama 120 kwa jumla. Jimbo la Florida liliruhusu vyuo vyake vya umma kuupokea mwaka 2023.

Na kabla ya yote jua sheria ya unapoishi. Marekani elimu ya nyumbani ni halali katika majimbo yote 50. Ujerumani mtoto analazimika kwenda shule. Usianze gizani.

Binti_wa_Mwisho

Nimesita kuandika. Mimi nilisomeshwa hivi, nyumbani, miaka yote ya sekondari. Sasa ni mtu mzima.

Namshukuru mama yangu kila siku. Nilipoingia chuo nilishangaa wenzangu wanaogopa kitabu kigumu. Mimi nilikuwa nimeshazoea kutoelewa mara ya kwanza na kurudia. Hilo ndilo lililobaki, zaidi ya Kilatini.

Lakini naomba wazazi mlisikie hili. Nilijadiliana na mtu mmoja tu kwa miaka minne. Mama alikuwa mwerevu, ila nilijua mapema kila anachofikiri. Nilijifunza kusema yale yatakayompendeza, na nikadhani huko ndiko kufikiri. Siku ya kwanza mtu wa rika langu aliponiambia, "Sikubaliani nawe, na sababu ni hizi," nilitetemeka. Sikuwa nimewahi kushindwa hoja na mtu asiyenipenda.

Mama Tumaini, mazungumzo uliyoyasifia ni mazuri. Ya watu wawili hayatoshi.

MamaTumaini

Mwanangu, asante. Umenigusa, na umenirekebisha mahali ambapo uzi wangu ulikuwa na upungufu. Nimeandika kana kwamba meza ina viti viwili.

Ukweli ni kwamba mwaka wa tatu tuliungana na familia nyingine tatu. Kila Alhamisi vijana saba, kitabu kimoja, saa mbili, wazazi tunakaa nyuma na tumekatazwa kusema katika saa ya kwanza. Mara ya kwanza binti yangu alinyamaza muda wote. Nilidhani ni haya. Nyumbani akaniambia alikuwa na hoja, lakini hakujua namna ya kuianza bila mimi kumwuliza swali kwanza. Ndicho hicho unachokisema, na mimi sikukielewa mpaka leo nilipokusoma.

Mwaka wa mwisho walitetea tasnifu. Kila kijana alichagua swali lake, akaandika kurasa zisizopungua 15, akasimama mbele ya watu watatu ambao si wa familia yake, mmoja wao asiyekubaliana naye. Dakika 20 kuzungumza, 30 kuulizwa. Binti yangu aliandika kuhusu kama inafaa kusema uongo ili kuokoa uhai, akitumia mfano wa wale wakunga wa Kiebrania wa Kutoka sura ya kwanza, waliomficha Farao ukweli ili watoto wapone. Aliulizwa swali na mzee mmoja, akalitafakari, akasema, "Hapo hoja yangu ya tatu haisimami. Naiondoa." Akaendelea na zilizobaki. Nilikuwa kiti cha nyuma, nilishika mkono wa baba yake kwa nguvu.

Wanaoanza sasa, tafuteni hizo familia mapema kuliko nilivyofanya mimi. Hata moja tu yenye kijana wa rika hilo.

Baba_Mapacha

Mrejesho. Wamemwomba bibi msamaha. Halafu jana usiku nikawapa bikari na ile hoja ya kwanza ya Euclid, sikuwaambia lolote kuhusu maduara kukutana. Mmoja alimaliza kwa dakika tano na kutaka kuondoka. Mwenzake akamwuliza, "Kwa nini umechora C juu? Si yanakatana na chini pia?" Wakachora ya chini. Sasa wanabishana kama hizo ni pembetatu mbili au ni moja iliyogeuzwa. Nimewaacha mezani. Niwaambie nini?

MamaTumaini

Usiwaambie kitu. Waulize "sawa" maana yake nini, kisha ukae chini nao. Hoja ya nne ya kitabu kilekile, inayohusu pembetatu zilizo sawa, itawangoja.